Gunia Linaloliwa Desemba

Nakuru, 28 Desemba

Mabasi ya kuelekea magharibi ya Kenya bado yanapita hapa yamejaa pomoni, watu wa mjini wakienda likizo kijijini. Wiki ijayo yatarudi vilevile, safari hii yakiwa na ndizi, viazi vitamu na kuku waliofungwa miguu chini ya viti. Nauli imepanda kama kila Desemba na watu wananung'unika, nao wana haki. Ila kuna gharama nyingine ya likizo hii isiyotajwa steji: ile anayobaki nayo nyanya, bibi wa kijijini, basi likishaondoka.

Nimeshika kalamu na karatasi. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutosha watu wazima sita au saba, ugali wa mlo mmoja. Boma lenye watu 25 linakula kilo 8 kwa mlo. Siku kumi, ugali mara moja tu kwa siku, ni kilo 80. Gunia la mahindi ni kilo 90, na kilo 10 zinazobaki humalizwa na uji wa watoto. Gunia zima limekwenda, na hapo hujahesabu jirani aliyeingia kusalimia akakaribishwa mezani, maana kwetu mgeni haruhusiwi kuondoka na njaa.

Huko magharibi, kaunti ya Vihiga na sehemu nyingi za Kakamega, shamba la familia mara nyingi halifiki hata ekari moja. Mahindi hupandwa Machi na kuvunwa kuanzia Agosti. Kwa hiyo pengo la gunia lililoliwa Desemba halionekani Desemba. Linaonekana Mei, mahindi mapya yakiwa yangali machanga shambani na gorogoro, kopo la kupimia mahindi, imepanda bei sokoni. Mwezi huo nyanya hupunguza mlo wake kimyakimya. Hampigii simu mtu yeyote. Mama aliyewakaribisha watoto wake kwa furaha hawezi kuwadai walichokula.

Hili linanigusa kila nikifikiria shukrani. Tunapofunga mizigo tunasema, "Asante sana mama, Mungu akuzidishie," na tunamaanisha. Basi tumzidishie na sisi pia, kabla ya Machi. Nusu ekari inahitaji kilo 5 za mbegu, nusu mfuko wa mbolea ya kupandia, na nusu mfuko mwingine wa kukuzia mahindi yakifika magotini. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa shilingi 2,500 tangu 2023. Watoto wanne wakichanga, hakuna atakayeumia. Pesa ziende mapema Februari. Zikija Aprili mvua itakuwa imeshatangulia, na mahindi yaliyochelewa hupata shida.

Kuna jambo dogo linalokwamisha mpango huo. Mbolea ya ruzuku hupewa mkulima aliyesajiliwa, na ujumbe wa kuichukua hufika kwenye simu. Nambari iliyoandikwa ikiwa ya mjukuu aliye Nairobi, au ikiwa laini ilishapotea, nyanya atangoja ujumbe usiofika. Kabla hujarudi mjini, kaa naye nusu saa, mhakikishe jina, kitambulisho na nambari. Ikibidi, mpeleke kwa chifu mwenyewe. Na mbolea ikifika, fungua mfuko uitazame: mwaka 2024 mbolea isiyofikia viwango iliingia hadi kwenye mpango wenyewe wa ruzuku, na waliolipia ni wakulima wa shamba dogo.

Mahindi yaliyobaki nayo yanataka macho. Wengi sasa wanatumia mifuko isiyopitisha hewa, yenye karatasi mbili za plastiki ndani. Mfuko huo huua fukusi na osama, yaani dumuzi, kwa kuwakosesha hewa, kwa hiyo ukifunguliwa kila asubuhi kupima ya wageni hauna kazi tena. Tengeni mfuko mmoja wa likizo, mchote humo, mingine isiguswe. Kabla ya kuweka mahindi, jaribu ukavu: tia konzi moja ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na ukungu huleta sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kuku ni hesabu nyingine. Mmoja wa kienyeji hutosha watu watano au sita, na firigisi, ile Waluhya wanayoiita imondo, humwendea mzee wa boma. Chinjeni majogoo. Kuku anayetaga akichinjwa, vimekwenda pia vifaranga ambavyo angeangua baada ya siku 21 za kuatamia, na vifaranga hivyo wakikua ndivyo daftari na sare za shule.

Maji sitayarefusha: watu 25 wakitumia lita 20 kila mmoja ni mitungi 25 kwa siku kutoka chemchemi. Anayeibeba kwa kawaida ni mke wa mwana wa mwisho, yule yule aliyekanda kilo 5 za unga wa chapati tangu alfajiri. Vijana wa mjini waamke waende chemchemini.

Nashukuru kwamba nyumba zimejaa. Huku Nakuru hatuwezi kulichukulia hilo kijuujuu. Tulipiga kura 27 Desemba 2007, na siku chache baadaye uwanja wetu wa maonyesho ulikuwa kambi ya waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo za baada ya uchaguzi, ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Na barabara hii hii, pale Migaa, basi na lori viligongana alfajiri ya 31 Desemba 2017, watu 36 wakafa. Swali la kwanza la nyanya, "Mmefika wote?", si salamu tupu. Safirini mchana hata kama itabidi kulala mahali, na dereva akisinzia au akipita magari kwenye kona, semeni kwa sauti, abiria wote.

Lakini kuna asiyefika. Kijana aliyekosa kazi mwaka mzima anabaki kwenye chumba chake mjini, simu amezima, kwa sababu anaona aibu kushuka kwenye basi mikono mitupu huku binamu zake wakishusha mafuta na sukari. Ndugu zake wamtumie nauli bila kutangaza kwenye kundi la familia. Akifika, kazi ipo, na wengine wakishaondoka anaweza kubaki wiki mbili. Apukuchue mahindi yaliyoning'inizwa darini. Ayaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha ageukie ghala: ainue sakafu yake mita moja kutoka ardhini, na kila mguu auvalishe bati lililokunjwa kama koni, mdomo mpana ukitazama chini, panya akipanda agonge akarudi. Bati la zamani linatosha kazi hiyo.