Tenga la samaki katika msitu wa Ngezi

Kijana wangu wa pili kanunua baiskeli ya mtumba. Ina shokapu mbele, breki za diski, na gia ambazo nusu yake hazishiki. Tangu aipate, simu yake haina kazi nyingine ila video za vijana wa Marekani wakiteremka misituni na helmeti zao. Juzi baada ya Isha akanisogezea simu: "Baba, hebu tazama. Huku kwetu njia kama hii ipo?"

Nikatazama. Mizizi, mawe, tope, na mtu kasimama juu ya pedeli. Nikamwambia ipo, iko Pemba, Ngezi, na mimi nimeipita na tenga la samaki mgongoni mwa baiskeli. Hakuamini. Mamake akacheka, na kicheko chenyewe sikukipenda.

Basi nakuhadithieni nyinyi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1980, Ramadhani ilipoangukia masika. Nilikuwa skuli bado, nimekwenda kwa ami kumalizia mfungo. Mtoto wake mkubwa, ambaye hata leo namwita kaka, alikuwa mchuuzi: ananunua samaki Vumawimbi madau yakirudi, anawakimbiza sokoni Konde kwa baiskeli yake ya Phoenix. Siku hiyo walipatikana wengi, na mchukuzi mwenzake alikuwa na homa. Kaka akaniazimia baiskeli ya jirani, akafunga tenga kwenye keria kwa vipande vya tyubu, akavivuta mpaka vikalia. Changu na tasi chini, pweza juu, majani ya mgomba yamefunika. Maji ya chumvi yalinidondokea visiginoni tangu mwanzo wa safari hadi mwisho.

Barabara ilikuwa imeharibika kwa mvua. Kaka akasema tupite ndani, njia ya miguu, maana ukifika Konde baada ya adhana samaki wako ni wa paka.

Sehemu ya maweni tulisukuma tu. Mawe ya matumbawe yakikuchana tairi pale, huna fundi wala pampu. Tulipoingia kwenye msitu mkubwa, jua likapotea. Watu wa Unguja mliozoea Jozani, Ngezi ni kingine: udongo mweusi, mivule na mijoho inakwenda juu mpaka shingo iume, na chini yake ile mipapindi, miti ya jamii ya minazi, ambayo asili yake ni Pemba. Kima punju walikuwamo tayari, waliletwa kutoka Jozani miaka ya 1970, lakini hatukumwona hata mmoja. Wala popo wale wakubwa; siku hizo waliwindwa mpaka walikaribia kumalizika. Leo nenda Kidike, huko huko Pemba, ukaone walivyojaa mitini. Wazee nao walikuwa wakisema msitu una wenyewe, na kaka, ambaye hakuwa mtu wa maneno hayo, alipunguza sauti bila kuambiwa.

Kisha tukafika kwenye mteremko.

Njia ilishuka mpaka kwenye kijito, nyembamba, upana wa mtu na tenga lake, na imekatizwa na mizizi kutoka juu hadi chini. Mvua ilikuwa imeiosha. Gome limechubuliwa na miguu ya watu, mizizi inang'aa. Kati ya mzizi na mzizi kuna shimo lenye maji, hujui kina chake. Nilitaka kushuka nisukume. Kaka akasema ukisukuma, tenga litakuvuta, litakulalia.

"Simama juu ya pedeli," akaniambia. "Magoti yalegeze. Breki ya mbele isahau kabisa. Mzizi uupande sawa, usiukate mshazari. Na usiutizame! Tazama unapotaka kwenda."

Akatangulia. Nilimwona akiyumba kidogo, tenga likienda huku, yeye huku, kisha kijani kikamfunika.

Nikamfuata. Mzizi wa kwanza gurudumu la mbele lilipanda, likashuka, usukani ukataka kugeuka wenyewe. Nikauzuia kwa viganja. Wa pili ulikuwa umelala upande. Niliuona vizuri sana, mwekundu, na konokono juu yake, ndipo nikakumbuka nisiutizame. Nikainua macho. Mbele palikuwa na kipande cha mchanga mweupe kando ya kijito, mduara mdogo wa mwanga. Nikakitazama kile tu. Gurudumu la nyuma liliteleza, nikalisikia likienda pembeni, kisha likashika. Nikabana breki ya nyuma, haikukamata. Breki zile za vyuma, ringi ikilowa, ni mapambo. Kwa hiyo ikawa hakuna kusimama. Mzizi, shimo, maji usoni, mzizi. Pweza mmoja alichomoa mkono chini ya jani la mgomba ukawa unanipiga mgongoni kila nikirushwa. Kwenye miti alianza kulia kihodi, na nilipata wasaa wa kujiuliza kwa nini bundi anaamka mapema hivi. Kisha nikawa juu ya mchanga, baiskeli imesimama, miguu yangu chini.

Mpaka leo sijui nini kilinifikisha. Kijana wangu ana jibu: eti uzito wa tenga ulilikandamiza gurudumu la nyuma, ameyasikia kwenye video zake. Inawezekana. Mimi nadhani swaumu nayo ilichangia, mwenye njaa ya alasiri hana nguvu ya kuogopa. Na huenda ni yale maneno ya kaka, ingawa nimejaribu kuyatumia kwenye mambo mengine ya maisha, kutazama ninapotaka kwenda na si kizuizi, na mara nyingi nimejikuta chini.

Kwani yeye mwenyewe, mwalimu, aliangukia wapi? Si mtelemkoni. Tulivuka kijito, tukatoka kwenye njia pana, tambarare, mchanga mkavu chini ya miti. Akageuka kunichekea. Gurudumu la mbele likazama mchangani, na tenga lote likamwagika.

Tuliokota samaki mmoja mmoja, tukarudi kuwaosha kijitoni, jua linazama. Konde tuliingia watu wameshaanza kukunja majamvi yao. Bi mkubwa mmoja akamshika changu mkiani, akampangusa kwa kidole, akatazama mchanga kidoleni.

"Mwanangu, samaki huyu kavuliwa bahari gani?"

"Kavuliwa Ngezi, mama," akajibu kaka, hana hata haya.

Akatulipa nusu ya bei, na tukapokea.