Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani, kadi ya benki na madereva

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimekwisha kufunga kwenye mfuko wa nailoni magauni matatu ya harusi ya mteja wangu wa Magomeni, kwa kuwa ni masika na mvua ilinyesha usiku kucha huku Kimara, Dar es Salaam.

Saa kumi na mbili na nusu nilisimama pamoja na wanafunzi kwenye kivuko cha pundamilia, Barabara ya Morogoro. Baada ya magari mengi kupita, dereva mmoja muungwana alisimama, nasi tukaanza kuvuka. Papo hapo gari jingine likachomoka ubavuni mwake kwa kasi, na mtoto aliyetangulia akaponea chupuchupu kwa kuvutwa begi na mwenzake. Kosa hili linaniumiza kuliko yote ya barabarani, kwani gari lililosimama humkinga mvukaji asilione linalokuja, naye huwa ameamini kwamba njia ni salama. Hata barabara ya mwendokasi, iliyotengwa kwa mabasi ya haraka, ilikuwa na bodaboda zinazokimbizana.

Saa tatu nilifika Kariakoo kununua vitambaa, nikaomba shilingi 300,000 kwenye ATM. Niliisikia ikihesabu noti, kisha ikaandika kwamba huduma haipatikani na kunirudishia kadi bila fedha, ilhali ujumbe wa simu ulisema zimekatwa. Tawini, baada ya foleni ya saa nzima, dada wa dawati la huduma alinieleza kwa upole kwamba akaunti hukatwa mara benki inapoidhinisha ombi, na mawasiliano yakivurugika kabla ya mashine kutoa taarifa kwamba imeshindwa, lazima fedha zilizomo zihesabiwe na kulinganishwa na kumbukumbu. Nilimwelewa, lakini kosa ni la mashine na anayesubiri siku kadhaa ni mimi, tena kwa fedha za mtaji.

Saa saba, dukani, nilijaribu kulipa kwa kadi kwa salio lililobaki.

"Mtandao unasumbua, mama. Huna keshi?" aliuliza muuzaji.

Nilikuwa na shilingi 22,000 tu, nikanunua bitana na zipu na kuviacha vitambaa.

Saa tisa, nikiwa pembeni mwa barabara Magomeni, gari dogo lilipita kwenye dimbwi bila kupunguza mwendo, ingawa dereva alituona na upande wa pili ulikuwa mtupu. Maji ya matope yalitulowesha sote, yakaingia mdomoni mwa mfuko na kuchafua pindo la gauni moja. Nilimkabidhi mteja mawili, nikamwomba radhi kwa la tatu.

Sasa ni saa tatu usiku. Nimelifua pindo mara mbili kwa maji ya baridi na alama imefifia. Kesho alfajiri nitalipiga pasi, kisha nitarudi tawini na fomu yangu ya malalamiko kuhusu fedha za ATM.