Siku tatu njiani na Babu, Mbagala mpaka Sengerema

Tuna wiki ya pili tangu tumefika na bado napigiwa simu na watu wanauliza ilikuwaje na mtoto, mliwezaje, hakusumbua? Nimeona niandike tu yote, maana najua kuna mama yupo sahivi anafunga magunia na kadogo kake kanamzunguka miguuni.

Mume wangu alipata uhamisho wa kazi kwenda Sengerema, mkoa wa Mwanza. Mi nilikuwa nashona Mbagala, Dar, cherehani ipo barazani kwa mama, tunaishi nyumba moja, kwa hiyo mtoto wetu tangu azaliwe amekulia mgongoni kwa bibi yake. Ana miaka 2 na miezi 2. Tunamwita Babu kwa sababu karithi jina la marehemu baba yangu, na bibi yake anamwita "mume wangu", kila asubuhi mume wangu umeamkaje, mume wangu njoo unywe uji. Huyo ndo tulikuwa tunamtoa hapo. Sio mkubwa kwamba utamkalisha umwelezee uhamisho ni nini, na sio kachanga kwamba kananyonya tu na kulala.

Mizigo ilitangulia na Fuso. Kama hujui, kuna maroli yanaleta mchele Dar kutoka Kanda ya Ziwa, yakirudi yanatafuta mzigo wowote, ukimpata dereva wa namna hiyo unaokoa hela nyingi kuliko kukodi gari itoke Dar kwa ajili yako. Tukapakia kitanda, makochi, magodoro, cherehani nikaiviringishia blanketi, masufuria nikayasokomeza kwenye kiroba. Na hapo ndo nilipofanya kosa la safari nzima. Ndani ya sufuria kubwa nilitumbukiza vikombe vyote, na kikombe cha Babu kikiwemo.

Ni kikombe cha bati, cheupe, mdomo wake una mstari wa bluu, kimebanduka rangi karibu na mkono na hapo pamekuwa peusi. Bibi yake anamnyweshea uji kwenye hicho tangu ameanza kula. Yeye akikishika anaweka kidole gumba palepale palipobanduka, kila siku, sijawahi kumfundisha. Nilikiona kila siku na sikukiwaza.

Kuhusu usafiri, kila mtu alikuwa na ushauri wake. Wengine walisema mimi na mtoto tupande SGR mpaka Dodoma, baba yake atukute huko na gari. Ushauri mzuri kwa kweli, treni ina choo na mtoto anatembea, ila sikutaka mume wangu aendeshe peke yake kilomita 450 za kwanza na kichwa chote kina mawazo ya kuhama. Wengine wakasema piga usiku mtoto atalala, si hata mabasi yanaruhusiwa usiku tangu 2023. Hapo nilikataa kabisa. Roli likiharibika gizani halina taa unaliona ukiwa umeshalifikia, na dereva wetu ni mmoja. Tukakubaliana siku tatu, tunalala Dodoma, tunalala Singida, afu tunamalizia.

Kiti cha mtoto nilinunua cha mtumba, nikakifua kitambaa nikakianika siku mbili. Mama alipoona namfunga mikanda akasema jamani mwanangu, mume wangu anafungwa kama mbuzi wa mnadani. Lakini mimi hapo sisikii la mtu. Mtoto anayepakatwa kiti cha mbele gari ikikita breki hushiki kitu, mikono yako haina nguvu hiyo hata umpende vipi. Nimwache alie dakika ishirini kwenye mkanda, atalia, atanyamaza.

Tuliondoka saa 10 usiku ili foleni ya Kimara na Kibaha isitukute. Bibi alitoka na kanga mbili, moja kiunoni moja mabegani, akambusu Babu amelala, hakusema kitu zaidi ya "msikimbize gari". Mi nilishindwa kuangalia kioo. Chalinze kukapambazuka, Morogoro tukanywa chai, milima ya Uluguru ina ukungu juu, Babu kaamka anaonyesha kidole anasema moshi, moshi.

Uji niliubeba kwenye chupa ya chai. Nikamimina kwenye kikombe cha plastiki, akakiangalia, akakisukuma. "Kombe yangu." Nikajaribu tena Gairo, hataki. Kijiko hataki. Mpaka tunaingia Dodoma saa 9 mchana mtoto amekula ndizi mbili na biskuti, na kulia kwake sio kule kwa hasira, ni kale ka taratibu kanakoishia na kwikwi. Usiku gesti akasimama mlangoni kashika kitasa, "mama twende nyumbani". Nikamwambia tunaenda. "Kwa bibi." Nikamwambia bibi yupo. Sikuwa na jibu lingine jamani na uongo nilikuwa sitaki. Tukampigia bibi, akaongea naye mpaka salio likaisha, nikaweka lingine.

Asubuhi baba yake alienda soko la Majengo akarudi na kikombe cha bati. Cha kijani. Babu akakigeuza akaangalia kitako, akapitisha kidole kwenye mkono wa kikombe kuzunguka, anatafuta palipobanduka, hapaoni. Nilitamani kulia mimi. Baba yake hakusema neno, akamimina uji akaanza kunywa yeye, anapuliza, anakunywa, anasema mmh. Babu akamwangalia weee, mwisho akaja akashika kikombe wakiwa wamekishika wote wawili, akanywa hivyo. Siku zote zilizobaki amekuwa anakunywa hivyo, lazima baba yake akishike na yeye.

Kwa hiyo ukiuliza nimejifunza nini mi nitakwambia hilo kabla ya mambo ya petroli na matairi. Chochote mtoto anachokishika kila siku kisipande roli. Kikombe, mto, kandambili, hata kama ni kopo bovu, likae miguuni kwako.

Dodoma mpaka Singida ni kama kilomita 240, ndo maana niliichagua siku hiyo iwe fupi, na ndo ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Kila baada ya saa moja na nusu tunasimama hata kama amelala vizuri. Poti yake ya plastiki ilikuwa chini ya siti, ndo kwanza ameanza kuacha pampasi na sikutaka safari imrudishe nyuma, basi akisema kojo tunasimama, poti inatolewa, anakaa chini ya mbuyu pale njia ya Bahi kama mzee wa baraza, maroli yanapita anayapungia. Zile alama za mwendo wa 50 vijijini tulizifuata zote, kuna watoto wanavuka na kuna tochi za trafiki. Kintinku, mlima wa Saranda gari inapanda polepole, Manyoni wanauza asali kwenye chupa barabarani, mbele huko mafuta ya alizeti ya njano yamepangwa kwenye madumu. Singida upepo mwezi wa saba sio wa kitoto, nilimvalisha sweta mbili. Jioni tulimpeleka ziwa Singidani akaokota mawe, akatupa, akaokota, karibu saa nzima hakumtaja mtu.

Siku ya tatu niliipanga vibaya. Ni ndefu mno. Sekenke unashuka kona juu ya kona, na kwenye kona ya tatu Babu akatapika. Mifuko ya plastiki haipo tangu 2019, hivyo nilikuwa nimebeba kindoo cha mafuta ya kupikia cha lita moja chenye mfuniko, nakisifia mpaka kesho, unafunika harufu haitoki, ukifika kwenye maji unasuuza. Kipande cha ndimu anusenuse, na nikamwambia baba yake ashushe kioo. Kosa lilikuwa langu, nilimpa maziwa Singida asubuhi. Siku ya kona mpe kitu kikavu, kiazi au mkate, maziwa yasubiri.

Baada ya Shelui ni mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yanachoka, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Kufika Shinyanga tulikuwa tumechoka watu wote na tulipaswa kulala pale, ila tulisukumana tu kwa sababu Fuso ilishafika na vitu vipo kwa jirani. Ningepanga tena ningeweka siku nne bila kujadiliana na mtu.

Usagara tukaacha njia ya Mwanza mjini tukakata kwenda Kigongo. Mume wangu alisoma sekondari huku, anasema walikuwa wanapanga foleni ya kivuko mpaka mtu analala kwenye basi, na daraja la Kigongo-Busisi juu ya Ziwa Victoria limefunguliwa Juni 2025 tu hapa, yeye mwenyewe alikuwa hajalipita. Kilomita 3 juu ya maji. Hakuongea, ila nilimwona amepunguza mwendo. Bibi akapiga simu tukiwa katikati.

"Mume wangu umefika wapi?"

Babu akaangalia dirishani kulia, akaangalia kushoto.

"Kwa maji."

Sengerema tuliingia giza limeshaingia. Kabla ya kitanda, kabla ya godoro, nilifungua kile kiroba nikatoa sufuria kubwa nikatoa kikombe. Alikipokea akaweka kidole gumba pale peusi, akanipa nimwekee maji, akanywa amesimama katikati ya maboksi.

Bado anamuulizia bibi yake. Asubuhi anaenda mlangoni anaita, halafu ananiangalia mimi. Tunampigia kila siku saa 1 jioni, amezoea saa hiyo, analeta simu mwenyewe. Juzi mama kasema atakuja mwezi wa 12 na basi, anataka kuunganisha moja kwa moja. Nimemwambia mama, kata tiketi ya mpaka Dodoma, lala, kesho yake uendelee. Akacheka, akauliza kikombe kipo? Nikamwambia kipo.