Ng'ombe wa Kathiawar mjini Houston

Mzee mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga, ndiye aliyenipeleka kwenye maonyesho ya mifugo ya Houston. Ilikuwa Machi, nami nilikuwa bado mgeni Texas. Mzee ana miaka mingi Marekani lakini Kiswahili chake cha Ngamiani, mtaa wa Tanga, hakijachuja. Nilijiuliza Mhindu asiyeonja nyama anafuata nini huko.

"Twende, kijana, nikakuonyeshe jamaa zangu," akasema.

Tulipita mabanda ya kondoo na sungura bila hata kusimama. Mwisho tukafika kwenye safu ya fahali wa kijivu, nundu imelalia upande, ngozi ya shingo inaning'inia, masikio yamelegea kama majani ya mgomba. Mvulana mwenye kofia pana alikuwa akimkausha mmoja kwa mashine ya kupuliza upepo. Alipomaliza akachukua kitana, akachana singa za mkia taratibu, huku fahali amefumba macho kwa raha. Kibao kiliandikwa Brahman. Mvulana mwenyewe akimwita Brahma.

Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Sikiliza. Brahma ni mungu muumbaji, ana vichwa vinne, na kipando chake ni bata bukini. Ng'ombe ni wa mungu Shiva! Dume lake ni Nandi, utalikuta limelala mbele ya hekalu limemkabili bwana wake. Hawa wamechukua haki ya Shiva wakampa mwenye bata."

Nikamuuliza, basi Brahman mwenye "n" mwishoni ni nani? Akasema huyo si mtu wala si mungu wa kuchongwa. Ndiyo asili ya vyote, haina uso wala umbo. Na makuhani wa tabaka la juu, ambao Waingereza waliwaita Brahmin, nao ni habari nyingine. Texas yote hayo yaliingia zizi moja.

Jina lenyewe lilipatikana papo hapo Houston, mwaka 1924, wafugaji walipounda chama chao. Walitaka ng'ombe wa kuhimili joto na kupe wa pwani ya Ghuba ya Meksiko, maana wa Kizungu walikuwa wakiteketea kwa homa ya kupe. Wakachanganya damu za Kihindi: Gir, Nelore, Krishna Valley, na Guzerat, ambao kwao huitwa Kankrej. Kwa ufugaji, nadhani walipiga hesabu vizuri kuliko kwa dini.

Mzee alikuwa ameshasogea kwenye kamba. "Tazama paji la uso lilivyovimba. Tazama sikio, ncha imejikunja. Hiyo ni damu ya Gir, ya Kathiawar, rasi ya kwetu Gujarati. Babu yangu alipanda jahazi huko huko kuja Tanga."

Akamwomba mvulana ruhusa. Akaligusa lile paji kwa vidole, kisha akagusa kifua chake. Mvulana aliduwaa kidogo, halafu akavua kofia.

"Baada ya hapa anakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Anarudi shambani, bwana. Huyu ni wa mbegu."

Basi mzee akaridhika, akaanza kulalamika njaa. Moshi wa mbavu ulikuwa umetanda kiwanja kizima na mate yalinijaa, ila kwa heshima yake nikala mahindi ya kuchoma. Mbavu nilizirudia peke yangu, nilipokwisha kumfikisha kwake.