Nilivyoitafuta hati ya kumkamata mdogo wangu

Mdogo wangu alikwenda kuhuisha leseni ya udereva hapa Columbus, Ohio, akarudishwa. Dirishani walimwambia kuna mahakama imetoa hati ya kumkamata, na leseni imezuiwa mpaka hati hiyo ifutwe. Sheria ya Ohio inaruhusu hivyo. Alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho: "Kaka, mimi sijaiba hata sindano ya mtu." Nikamwambia asiguse usukani, nakuja kumchukua.

Wengi wetu tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tunadhani Marekani ina daftari moja ambalo yeyote anaweza kulifungua akaona kama anatafutwa. Daftari la FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lipo tangu 1967, linaitwa NCIC, lakini ni la polisi na vyombo vya sheria tu. Ile orodha ya FBI ya watu kumi wanaosakwa, iliyoanza 1950, kila mtu anaiona, ila humo wamo watuhumiwa wa mauaji na makosa mengine mazito; wa tiketi ya barabarani hamkuti humo. Kilicho wazi kwa raia ni kumbukumbu za mahakama, na kila mahakama ina zake. Ukiandika jina lako kwenye intaneti, zinazotangulia ni tovuti za biashara zinazotaka ulipe kwanza. Sikuzigusa. Tovuti ya karani wa mahakama ya manispaa haidai hata senti, na kesi zenyewe ziko huko.

Kituo cha polisi nacho nilikiacha. Ukienda kuuliza kama unatafutwa, na kweli unatafutwa, unaweza kulala hukohuko.

Niliandika jina lake kama lilivyo kwenye leseni. Hakuna kitu. Wengi hufurahi hapo na kufunga kompyuta, lakini mimi najua majina yetu yanavyoteswa katika karatasi za huku: la baba linatangulizwa, la katikati linakatwa, L inakuwa R. Nilipogeuza mpangilio zikatoka kesi mbili, na ya kwanza ilikuwa ya wizi. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, mwaka uleule wa mdogo wangu. Nilishtuka, lakini sikumwambia kitu. Wakimbizi wengi tuliofika bila vyeti vya kuzaliwa tumeandikiwa 1 Januari, kwa hiyo tarehe hiyo peke yake haithibitishi lolote. Nikafungua kesi nikatazama anwani: mtaa ambao hatujawahi kuishi, na jina la katikati si lake. Ni mtu mwingine kabisa.

Ya pili ilikuwa yake. Tiketi ya mwendo kasi, anwani yetu ya zamani, halafu mistari miwili iliyofuatana: hakufika mahakamani; hati ya kumkamata imetolewa. Tarehe ya kesi ilikuwa imesogezwa, na barua ikaenda kwenye nyumba tuliyokwisha kuihama.

Nikanakili namba ya kesi, maana bila hiyo kila ofisi inaanza upya kukuuliza jina. Kwa kuwa mdogo wangu hajapata uraia, kabla hajasema neno mahakamani tulimwona wakili anayejua pia mambo ya uhamiaji. Nawasihi wenzangu msiruke hatua hii, hata kama kosa ni dogo kiasi gani. Wakili akapeleka ombi la kufuta hati na kupangiwa tarehe mpya, hakimu akakubali. Tuliomba mapema mkalimani wa Kiswahili, ambaye mahakama humlipa yenyewe. Kiingereza cha kazini kwake ghalani mdogo wangu anakimudu, lakini mbele ya hakimu kuitikia "yes" kwa jambo usilolielewa kunaweza kukugharimu.

Tarehe hiyo ilipofika akalipa faini, kesi ikaisha. Kabla ya kuondoka nilimwomba karani nakala yenye mhuri ya amri iliyofuta hati, kwa sababu taarifa huchelewa kufika kwenye kompyuta za polisi na za ofisi ya leseni. Leseni mpya ameshaipata, na nakala ile iko kwenye gari pamoja na karatasi za bima.