Jumamosi ya Maboga Kule Peoria

Boga la kwanza nililolipika Marekani lilinitia huzuni ambayo sikuwahi kudhani ingeweza kutoka kwenye sufuria. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2014, miezi mitatu tangu mimi na binti yetu wa miaka saba tumfuate mume wangu Peoria, mji wa jimbo la Illinois ulio kando ya mto wenye jina hilohilo la jimbo. Kila nilipotoka dukani nilipita mbele ya malundo ya maboga ya rangi ya chungwa, makubwa na ya kung'aa, nikasema moyoni kwamba nchi yenye maboga mengi kiasi hiki haiwezi kunishinda. Nilinunua moja, nikalikata vipande pamoja na ganda lake, nikalichemsha kwa maji kidogo, nikatia tui la kopo, sukari, iliki na chumvi ya kuonjeshea, kama mama alivyokuwa akipika Tanga kila Ramadhani kwa ajili ya futari. Lilitoka maji matupu. Nyama yake ilikuwa ya nyuzinyuzi, haina utamu wala unga, na tui likajitenga likaelea juu. Binti yangu alikula vijiko viwili kwa adabu, kisha akaniuliza kama boga lile lilikuwa mgonjwa.

Usiku ule nilimpigia mama simu. Upishi wangu haukumshughulisha sana. Kilichomshughulisha ni maelezo yangu kuhusu kazi ya maboga yale yote, kwamba watu huyanunua ili wayatoboe macho na midomo, wayatie mishumaa ndani na kuyaweka kibarazani kwa ajili ya usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba.

"Wanaliacha hapo mpaka lioze?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hiyo ni israfu. Na sikukuu yenyewe nasikia ni ya mashetani."

Sikuwa na jibu, kwa kuwa hofu zote mbili zilikuwa zangu pia. Nimelelewa katika nyumba ambayo punje ya wali ikianguka kwenye mkeka huokotwa, na tayari binti yangu alikuwa amerudi kutoka shuleni akiuliza lini sisi nasi tutachonga boga letu.

Aliyenitoa kwenye tatizo hilo ni jirani yetu wa nyumba ya kushoto, mjane wa miaka sabini na minne, mtoto wa wakulima wa kaunti ya Tazewell iliyo ng'ambo ya mto. Nilikuwa nimezoea kumwita Bibi, na nilipomweleza kwamba kwetu jina hilo ni heshima kwa mwanamke wa umri wake, aliomba nisimwite kwa jina jingine tena. Nilimsimulia habari ya boga langu la maji. Alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, ulichokipika wewe ni taa." Akanieleza kwamba maboga yanayouzwa kwa ajili ya Halloween yamechaguliwa na wakulima, miaka nenda miaka rudi, kwa umbo la mviringo, ganda la kuchongeka kwa urahisi na kikonyo imara cha kushikia, na kwamba ladha haikuwa miongoni mwa mambo waliyoyatafuta. Boga la kula ni jingine kabisa, akasema, na mimi nilikuwa nikiishi umbali wa kilomita zipatazo 16 tu kutoka mahali linapopatikana kuliko popote.

Mahali penyewe ni Morton, mji mdogo wenye kiwanda ambacho maboga yake ya kopo ndiyo yanayotiwa kwenye mikate na keki za nyumba nyingi za Marekani mwezi wa Novemba. Mwaka 1978 gavana wa Illinois aliutangaza kuwa mji mkuu wa maboga duniani, na kila Septemba wenyeji huwa na sherehe ya boga. Mpwa wa Bibi alikuwa na shamba karibu na hapo, na tukapanga kwenda Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba. Siku sita zilizobaki kabla ya Halloween zilikuwa na sababu yake, maana boga lililochongwa halidumu. Likishatobolewa huanza kunyauka na kuota ukungu baada ya siku chache, na anayechonga mapema kwa pupa huwa na kibaraza chenye nyuso zilizobonyea kabla siku haijafika.

Tulifika saa tatu asubuhi. Mahindi yalikuwa yamekauka na kusimama rangi ya udongo, umande ulikuwa haujakauka, na baridi ilikuwa ya kumfanya binti yangu aingize mikono yote miwili kwenye mikono ya sweta lake. Upande mmoja wa shamba kulikuwa na maboga ya taa, yale ya rangi ya chungwa, na mtoto akayakimbilia. Bibi alinivuta upande wa pili. Pale palikuwa na maboga ambayo dukani yasingemvutia mtu: marefu kiasi, mazito, ya rangi ya mchanga mkavu, bila mng'ao wowote, mengine yakiwa na vumbi jeupe juu ya ganda. "Haya yanaitwa Dickinson," alisema. "Haya ndiyo yanayoingia kwenye makopo." Mpwa wake akachukua panga fupi akalipasua moja hapohapo.

Niliinama nikanusa. Nyama ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyokolea, nene, kavu, na harufu yake ilikuwa ileile ya jikoni kwa mama, ile inayotoka boga linapokatwa juu ya sinia adhuhuri ya Ramadhani na watoto wakafukuzwa wasije wakajikata. Baadaye nilisoma kwamba boga la taa ni la spishi ya Cucurbita pepo, ilhali Dickinson ni Cucurbita moschata, spishi iliyostahimili joto na kuenea katika nchi za tropiki, ikiwa ni pamoja na mashamba yetu ya Afrika Mashariki. Asili ya zote mbili ni bara la Amerika. Kwa hiyo boga la futari ya nyumbani, ambalo katika fikra zangu lilikuwa la Tanga kama mnazi ulivyo wa Tanga, lilikuwa limesafiri kuja kwetu kabla mimi sijasafiri kwenda kwao. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nilitaka kulia, na nililia kidogo, na Bibi akajifanya anafuta tope kwenye kiatu.

Tulirudi na maboga mawili ya Dickinson na matatu ya taa, tukaingia jikoni kwa Bibi, na kazi ikaanza. Nilipika boga la nazi kwa sufuria yake kubwa, safari hii kwa nazi mbili halisi ambazo mume wangu alizipata kwenye duka la Wahindi, nikazikuna kwa mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama alinilazimisha kuisafirisha na ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeiona kuwa ni mzigo bure. Bibi aliomba kuijaribu. Alikalia kile kibao kama aliyezaliwa nacho, akakuna nusu nzima, akashangaa kwa nini kwao hawajapata kuwa na kitu kama hicho. Tui la kwanza niliweka kando, tui la pili nikapikia boga, na lilipokaribia kuiva nikatia lile zito pamoja na iliki. Halikujitenga.

Yeye alitengeneza mipira ya bisi. Aliyeyusha sukari na siagi, na ili ajue kama imefikia kiwango alidondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi na kulifinyanga. Likikubali kuwa kigololi kigumu, imeiva. Mama hupima shira kwa kuivuta kati ya vidole viwili mpaka ifanye uzi, na tulijaribu njia zote mbili kwenye sufuria moja. Kisha aliimwaga shira juu ya bisi, tukapaka mikono siagi, tukafinyanga mipira haraka kabla haijapoa. Matufaha nayo tuliyachoma vijiti, tukayachovya kwenye tofi ya moto na kuyasimamisha juu ya karatasi iliyopakwa mafuta. Binti yangu alipewa kazi ya kutoa mbegu ndani ya maboga yote matano, kazi aliyoipenda kupita kiasi, akaziosha na kuzikausha kwa kitambaa. Nusu tulizitia chumvi zikaingia kwenye oveni. Nusu nyingine nilizikaanga, nikazitwanga juu juu, nikazichanganya na shira yenye iliki, nikazimimina kwenye sinia na kuzikata kashata.

Nikasema, kwa furaha kabisa, kwamba kashata hizi ndizo nitakazowapa watoto watakaobisha hodi tarehe 31, maana usiku ule watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi.

Bibi aliweka mwiko chini. Alinieleza polepole kwamba wazazi wangezitupa. Alisema yeye alikuwa na miaka saba, umri wa binti yangu, mwaka 1947 sukari ilipoacha kugawiwa kwa kadi baada ya vita, na mama yake akatengeneza mipira ya bisi kwa mara ya kwanza akawagawia watoto mlangoni. Na miaka mingi baada ya hapo kila nyumba ya mtaani ilijulikana kwa kitu chake, nyumba hii kwa biskuti, ile kwa matufaha. Kisha hofu ikaingia. Mwaka 1974, huko Texas, baba mmoja alimuua mwanawe kwa pipi aliyoitia sumu usiku wa Halloween. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, jimboni humohumo, watu saba walikufa baada ya mtu asiyejulikana kutia sumu kwenye vidonge vya kutuliza maumivu. Vidonge vile havikuhusiana na Halloween, alisema, lakini ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu, na tangu hapo wazazi wakaagizana kupokea vitu vya kiwandani vilivyofungwa, basi. Mwaka ule mipira yake ya bisi aliikuta kesho yake asubuhi kwenye mtaro, mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Alisema hayo bila kumlaumu mtu. Mimi niliumia kwa niaba yake na ninaumia mpaka sasa ninapoandika, kwa sababu najua ni kazi gani kufinyanga shira ya moto kwa mkono. Namwelewa mzazi anayetupa, ningetupa nami. Ila naona kwamba mtaa ambao mtoto hawezi kula kilichopikwa na mlango wa tatu kutoka kwake umepungukiwa na kitu kikubwa. Bibi alikuwa amepata njia yake: vitu vya kupika kwa mkono alivipika wiki hizi za kabla, akavipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa watu wanaomjua kwa sura na jina, na usiku wenyewe akagawa pipi za dukani kama kila mtu. Alinihesabia nyumba zake. Zilikuwa tisa, na yetu ilikuwa ya tisa.

Alasiri tulichonga. Alitufundisha kukata kifuniko kwa kuinamisha kisu ili kisije kikatumbukia ndani, kukwangua upande utakaochongwa mpaka uwe mwembamba, na kupaka kingo mafuta ya mgando ili zisikauke upesi. Wahenga wake walikuwa Waairishi, na alimsimulia binti yangu kwamba kwao taa hizi zilichongwa kwenye tanipu, zao la mzizi lililo dogo na gumu, na kwamba waliohamia Marekani walipolikuta boga hawakutaka tena kurudi kwenye tanipu. Zamani sana, akasema, zilikuwa za kufukuza mizimu isiingie ndani. Hazikuwa za kuialika. Niliyaweka maneno hayo akilini kwa ajili ya mama.

Hata hivyo sikutaka sura ya kutisha kwenye kibaraza changu, na nilimwambia hivyo waziwazi. Alifikiri kidogo, akauliza kama nina mchoro ninaoupenda. Nilikwenda nyumbani nikaleta kanga. Tuliweka karatasi juu ya pindo, tukaunakili mchoro wa korosho, tukaibana karatasi kwenye boga kwa pini, tukatoboa vitundu kufuata mstari, kisha tukachonga kwa kisu chembamba chenye meno. Mume wangu alipotoka kazini giza lilikuwa limeshaingia. Tuliwasha mshumaa, na korosho saba zikawaka ukutani, zikicheza kila upepo ulipopita.

Binti yangu alikula bakuli mbili za boga. Kabla ya kulala nilimpelekea Bibi lake, la moto, kwenye bakuli la udongo lenye mfuniko.

Jumapili nilimpigia mama nikamweleza yote kwa mpangilio: Dickinson, mbegu, mizimu inayofukuzwa, kanga, na ahadi ya mpwa wa Bibi kwamba baada ya tarehe 31 angeyachukua maboga ya taa, tukishayaondoa nta ya mishumaa, awape ng'ombe wake. Alisikiliza kimya. Nilitarajia aulize kuhusu mashetani.

"Hilo bakuli," alisema, "limerudi?"

"Limerudi asubuhi hii, mama."

"Limerudi tupu?"

"Halikurudi tupu. Lina mipira minne ya bisi, na juu yake kafunika kitambaa."

"Haya," alisema mama. "Mwulize boga la nazi alilila la moto au la baridi. La baridi ndilo tamu."