Jinsi nilivyookoa matawi ya chini ya bonsai yangu ya msaipresi wa kinamasi

Hatimaye nimepumua. Kwa miaka miwili hapa Louisiana, Marekani, nimehangaika na bonsai (mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo) ya msaipresi wa kinamasi, Taxodium distichum. Nilitaka shina refu, jembamba, kama la misaipresi inayosimama majini huku. Badala yake matawi ya chini yalikauka moja baada ya jingine, na kilele kikanenepa kama rungu.

Niliongeza mbolea, ikaliwa yote na kilele. Nikapogoa mti mzima kwa usawa, matawi ya chini yakazidi kudhoofika.

Mwishoni mwa majira ya baridi, mti ukiwa hauna jani hata moja, nilikata kilele nikabakiza chipukizi moja jembamba la kuendeleza urefu. Matawi ya juu nikayafunga waya na kuyainamisha kabisa. Ya chini niliyalaza pia, ila ncha zake nikazikunja kidogo zitazame juu. Hiyo sentimita moja au mbili ndiyo iliyobadilisha kila kitu: mti huu hupeleka nguvu kwenye ncha inayopanda, na tawi dhaifu likilazwa lote hadi nchani, hukata tamaa.

Tangu Aprili nikawa nachuma machipukizi ya juu kila wiki. Ya chini sikuyagusa. Waya niliukagua mara kwa mara, maana huzama upesi kwenye gome. Chungu nilikiweka ndani ya beseni la maji kiangazi chote, na mti ukafurahi.

Leo matawi matatu ya chini yamefikia unene wa penseli, na shina bado jembamba.